Fundi Sikubali Hakuhudhuria Kikao cha Jumatano

"Amekufa Jumapili, na wasifu utasema Jumapili!" Dada mkubwa wa marehemu alikitua kikombe mezani hadi chai ikaruka. "Kalamu yako irudishe mfukoni."

"Dada, taratibu, huu ni msiba," mwenyekiti wa kamati ya shule alimwambia. "Tuandike Alhamisi tu. Siku nne, nani atahesabu?"

Mzozo huo ulitokea jana asubuhi sebuleni kwa marehemu. Familia imeona usomwe pamoja na maisha yake, kwa kuwa ndio mzozo wake wa mwisho.

Marehemu, mliyemzoea kwa jina la Fundi Sikubali, alizaliwa tarehe 14 Aprili 1961, wa nne kati ya watoto saba. Mvua ya siku hiyo ilikuwa kubwa hata mkunga akavushwa barabara akiwa amekaa juu ya mlango wa jirani. Mtoto hakulia. Alitoka akinung'unika, mkunga akasema, "Huyu ana neno lake."

Alisoma hadi darasa la saba, akamaliza mwaka 1975. Alitolewa nje mara nyingi kwa kuuliza "kwa nini", akawa anaulizia dirishani.

Alianza ufundi bomba mwaka 1978. Alikuwa akitega sikio ukutani, anasikia bomba linavuja mtaa wa tatu, na jina la mwenye nyumba anakutajia. Anayebisha amuulize mwenyewe, yupo hapo mbele yenu.

Tarehe 12 Desemba 1987 alimwoa mwalimu wa shule yetu ya msingi. Aliitwa kukaza bomba moja la pale shuleni, akalikaza wiki tatu nzima. Walijaliwa watoto watatu.

Mwaka 2016 wazazi walimchagua awawakilishe kwenye kamati ya shule. Mwenyekiti alitaka nusu ya uwanja wa michezo apewe shemeji yake ajenge maduka. Kila kikao kura ya Fundi ilifanya zigawanyike sawasawa, hoja ikaanguka, uwanja ukapona. Kwa miaka yote hiyo Fundi hakuwahi kumwinulia mwenyekiti mkono, hata wa kumpungia.

Novemba mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka, miguu ikavimba. Alilazwa tarehe 1 Machi, akafariki Jumapili tarehe 9 Machi 2025, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Jumatano tarehe 12 kamati ilikaa. Muhtasari wa kikao unaonyesha kwamba Fundi alihudhuria, akasaini, akakubali uwanja ugawanywe. Alipokuwa hai alikataa miaka tisa. Alipokufa alikubali ndani ya siku tatu, tena bila kudai hata soda.

"Alitoka mochwari kwa miguu, au mlimtumia gari?" dada yake aliuliza.

"Katibu alikosea kidogo. Mkiandika Alhamisi, mambo yote yanatulia."

"Na uwanja unaondoka."

"Dada, kubali yaishe," mdogo wao wa mwisho alidakia. "Mahema ya msiba ni ya mwenyekiti, na basi la kwenda makaburini ni la shule."

"Wewe nyamaza! Ukifa utazikwa na hema?"

Mwenyekiti aliinuka, akarekebisha koti. "Mjane amebakiza mwaka mmoja astaafu. Uhamisho ni karatasi moja tu, dada yangu. Shule za mbali zina upungufu wa walimu."

Hapo dada mtu, ambaye tangu azaliwe hajakosa la kusema, alikosa. Angeweza kuuchezea mshahara wake mwenyewe, lakini si wa wifi yake.

Marehemu ameacha watoto watatu, wajukuu watano, mdogo wake huyo, dada mmoja mwenye mdomo, na mjane, ambaye wakati huo alifungua mlango wa chumbani. Hakumsalimia mtu. Aliichukua karatasi ya wasifu mkononi mwa mwenyekiti, ambaye alikuwa ameshaandika Alhamisi, akaikata Alhamisi hiyo kwa kalamu nyekundu, akaandika Jumapili kwa herufi kubwa, kama anaandika ubaoni.

Mwenyekiti aliirudisha kalamu yake mfukoni.

Amepumzika tangu Jumapili. Aachwe apumzike kwa amani.