Ufunguo Usio na Fundo

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, shikeni ufunguo wa mlango wenu. Uwe mfukoni, uwe shingoni, uwe chini ya kopo la maua pale mnapodhani mwizi hapajui. Ushikeni tu. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyetunza funguo za mtaa mzima kwa miaka kumi na tisa, na hakupoteza hata mmoja.

Mtaa ulimwita Mama Funguo. Ametutoka wiki tatu zilizopita kwa homa ya mapafu, akiwa na miaka hamsini na nane. Ameacha binti mmoja, wifi mmoja, jiriwa ya chuma ya kubania kazi, na funguo sabini na moja zilizoning'inia ukutani. Sabini na moja. Kumbukeni hesabu hiyo.

Hakuanza maisha kama fundi. Fundi wa kufuli alikuwa mumewe. Yeye aliuza sabuni za vipande pembeni ya kibanda cha mabati cha mumewe, jirani na kinyozi. Macho ya mume yalipoanza kufifia, mke akawa anamsomea meno ya ufunguo kwa kidole. Mume alipokufa, mke tayari anajua kazi. Alimaliza siku za msiba, akavaa aproni ya marehemu, akashika tupa.

Kinyozi anamkumbuka mteja wa kwanza. Alikuja mzee mmoja na kitasa mkononi.

"Fundi yuko wapi?"

"Unamwona."

"Nauliza fundi mwanamume."

"Huyo yuko makaburini. Kama una haraka naye, nikuelekeze njia."

Mzee akacheka, akakaa, akatengenezewa kitasa. Kinyozi anasema kitasa hicho kinafunga mpaka leo, ila mzee mwenyewe ndiye aliyelegea.

Sasa sikilizeni desturi yake, maana hadithi yote iko hapo. Kila kufuli aliyouza, kila kitasa alichotengeneza, Mama Funguo alichonga ufunguo mmoja wa akiba akautundika ukutani. Watu wa mtaa ule huondoka alfajiri kutafuta riziki, wanarudi jua limechoka. Funguo huanguka sokoni, husahaulika kwa mabosi. Mtoto akirudi shule akakuta kumefungwa, alikwenda kwa Mama Funguo. Mama Funguo hakumpa mtoto ufunguo. Alinyanyuka mwenyewe, akafungua mlango, akamwona mtoto ameingia, akarudi na ufunguo wake.

Na ukutani hakuandika jina wala namba. Alifunga utepe tu kwenye kila ufunguo, na utepe akaupiga mafundo. Huu mawili, ule matano, ule moja. Maana ya mafundo aliijua yeye peke yake. Wifi yake alimwuliza mara nyingi.

"Wifi, hata mimi hunambii?"

"Nikikwambia wewe, nimeambia soko."

Utepe ulitoka wapi? Hapo ndipo anapoingia mheshimiwa.

Wasikilizaji wapendwa, mtaa ule una mheshimiwa anayeitwa Bwana Utepe. Si jina alilopewa na mama yake. Alijipatia kwa jasho, kama kukata utepe ni jasho. Taa ya barabarani aliizindua mara mbili. Haikuwaka hata mara moja. Bomba la maji alilizindua kwa kunywa glasi ya maji aliyokuja nayo kwenye gari. Kila uchaguzi ukikaribia, utajua kwa mkasi. Na kila akishakata na kuondoka na vumbi lake, Mama Funguo alikwenda kuokota vipande.

"Utepe wake mzuri," alimwambia kinyozi. "Haufifii. Ndicho kitu pekee alichotuletea kinachofanya kazi."

Wakati huo wezi walikuwa wameacha kujificha. Waliingia mchana kweupe, watu wakiwa kazini, wakatoka na redio, na masufuria, na magodoro kichwani kama watu wanaohama. Kituo cha polisi kilikuwa mwendo wa saa nzima kwa miguu. Ukifika, unaambiwa karatasi za kuandikia zimekwisha, kanunue. Ukinunua, unaambiwa ofisa ametoka. Mshona viatu alikwenda mara tatu kuripoti wizi wa cherehani yake. Safari ya tatu wakamwuliza yeye ana uhakika gani ilikuwa yake.

Wananchi wakapiga kelele, uchaguzi ukakaribia, kituo kikajengwa. Chumba kimoja cha matofali, nondo dirishani, mlango wa chuma, rangi nzuri. Mama Funguo ndiye aliyeitwa kuweka kufuli, ile kubwa inayojifunga yenyewe ukiibana. Akamkabidhi Bwana Utepe funguo mbili mbele ya kamera. Ule wa tatu, wa akiba, akautundika ukutani kwake kama desturi. Utepe ukakatwa. Hotuba ikasomwa. Mheshimiwa akaondoka na funguo zake mbili, na hazikuonekana tena. Askari hawakuja.

Wiki haikuleta askari. Mwaka haukuleta askari. Miaka mitatu, wasikilizaji wapendwa. Narudia, miaka mitatu. Kuku wa jirani walitaga mlangoni wakaangua, vifaranga wakakua wakataga na wao.

Hapa kuna jambo ambalo mgeni hatalielewa. Miaka yote hiyo mitatu ufunguo wa kituo ulikuwa ukutani kwa Mama Funguo, kila mtu akijua upo, na hakuna aliyesema tufungue. Yeye mwenyewe hakukubali. "Ufunguo wa akiba ni wa mwenye mlango," alisema. "Akija, nitampa." Walikuwa watu waaminifu mno kwa mtu asiyewakumbuka. Kama ni kosa, ndilo kosa lao.

Kisha wezi wakafika kwa Mama Funguo mwenyewe. Alikuwa amekwenda kumfungulia mtoto wa mfua nguo. Aliporudi, mabati ya paa yameng'olewa, tupa zimekwenda, nyundo imekwenda. Funguo walizitazama wakaziacha. Zingewafaa nini? Hazikuwa na majina. Wangeanza na mlango upi? Waliiba bati, wakaacha mtaa mzima ukutani.

Lakini yeye hakucheka. Binti yake anasema alikaa kwenye kigoda chini ya anga tupu, akitazama ukuta.

"Leo hawakujua kuzisoma," alimwambia binti. "Kesho watakuja na mtu wa kunifinya mpaka niseme. Zikipotea hizi, nimewafungulia wezi nyumba sabini."

"Tuzipeleke nyumbani, mama."

"Nyumbani kwetu mlango ni mbao. Mtaa huu una chumba kimoja chenye nondo, na hakina mtu."

Asubuhi iliyofuata alifungua kituo cha polisi. Alifagia kinyesi cha kuku, akatundika funguo, akafunga jiriwa yake mezani, akaketi mlangoni na aproni yake. Mtu wa kwanza kufika alikuwa mwuza mkaa, amebeba kitasa kilichovunjwa.

"Nimekuja kuripoti," akasema, nusu mzaha.

"Karibu. Jina lako nalijua. Wamevunja saa ngapi?"

Akasikilizwa. Hakuambiwa akanunue karatasi. Akatengenezewa kwa bisibisi iliyobaki mfukoni mwa aproni, akarudi nyumbani na kitasa kinachofunga. Kesho yake wakaja watatu. Keshokutwa mstari. Wezi wakaona mlango uko wazi na watu wamekaa nje mchana kutwa, wakahamia mitaa mingine. Kwa siku saba mtaa ule ulikuwa na kituo cha polisi. Siku saba, katika miaka mitatu.

Siku ya nane polisi wakaja.

Walikuja na magari mawili kutoka kile kituo cha mbali. Hawa ndio waliosema hawana mafuta ya kumfuata mwizi. Simu ilipigwa na mtu wa mheshimiwa, na chai ya Mama Funguo haikupata kupoa kabla hawajafika. Kosa lake? Kuingia jengo la serikali bila idhini. Wakazipakia funguo zote ndani ya gunia, eti ushahidi, wakaitupa jiriwa yake nje, wakaibana kufuli, ikajifunga yenyewe, wakaondoka na mama wa watu. Nusu ya safari ndipo mmoja akakumbuka kwamba kufuli wameifunga, na ufunguo wake hawajui ni upi.

Mkubwa wao akamwaga gunia mezani.

"Upi wa kituo?"

"Umo humo."

"Na hizi nyingine za nyumba zipi? Tutajie moja moja. Kwa usalama."

"Afande, usalama wao ni mimi kunyamaza."

Wakamweka ndani siku mbili. Hakutaja. Wakatuma kijana wao mmoja akajaribu funguo kwenye ile kufuli. Akajaribu kumi na moja, jua likamchoma, akarudi kusema kufuli ni mbovu. Siku ya tatu wakamfungulia, wakamrudishia gunia lake, maana lilikuwa linawajazia nafasi. Akakaa barazani kwao, akahesabu mbele yao, taratibu, mpaka sabini na moja. Kisha akawaaga kwa adabu.

Mtaa ulikuwa umemchangia mabati ya zamani na tupa mbili. Akarudi kibandani. Kituo kikarudi kwa kuku.

Aliishi miaka miwili baada ya hapo, akifungua na kufunga. Kifua kilianza kumsumbua kipindi cha mvua. Alilazwa siku nne, wagonjwa wawili kitanda kimoja. Binti alimwinamia.

"Mama, watu wanauliza. Funguo zinasomwaje?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Waambie kila mtu ahesabu watoto wake."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa siri. Watoto. Nyumba yenye watoto watatu, mafundo matatu. Mwanamke akijifungua, Mama Funguo aliongeza fundo. Kwa nyumba zilizofanana hesabu, watu walijaribu funguo mbili tatu mpaka mlango ukakubali. Siku ya pili baada ya mazishi mtaa mzima ulipanga mstari kibandani, kila mtu akimtajia binti idadi ya watoto wake.

Akafika mfua nguo. Ana watoto watatu. Akajaribu funguo zote za mafundo matatu, hakuna uliofungua. Binti akampa wa manne. Mlango ukafunguka. Mfua nguo akakaa chini pale kizingitini. Mtoto wake wa kwanza alifariki miaka tisa iliyopita, na majirani walikwisha kuacha kumtaja. Mama Funguo hakulifungua fundo lake.

Sabini zikaenda kwa wenyewe. Ukabaki mmoja. Ulikuwa na utepe mpana kuliko yote, wa rangi nzuri, na hauna fundo hata moja.

Siku tisa baada ya mazishi, kwa kuwa uchaguzi umekaribia tena, Bwana Utepe akaja. Alikuja na vipaza sauti, na viti, na watu wa kukalia viti. Akatangaza kwamba kituo kitazinduliwa upya kwa jina la marehemu, "shujaa wetu wa usalama." Ndiyo, yuleyule waliyemlaza sakafuni siku mbili. Kisha akamwita binti mbele alete ufunguo.

Binti huyu hapendi kusema mbele za watu. Alijibu kwa sauti ndogo, na kinyozi, aliyesimama karibu na kipaza sauti, ndiye aliyetufikishia maneno.

"Mheshimiwa, ufunguo ninao."

"Ulete basi, binti yangu. Hii ni heshima kwa mama."

"Mama hakutaka jina mlangoni. Alitaka mtu ndani ya mlango. Askari ni wangapi?"

Mheshimiwa akatazama wasaidizi wake. Wasaidizi wakatazama viatu vyao.

"Wako njiani," akasema.

"Basi wakifika wabishe hodi kwangu. Nitawafungulia mwenyewe. Nitapiga fundo moja kwa kila askari."

Akarudi kusimama na wifi ya mama yake. Na mheshimiwa akafanya nini? Akakata utepe. Mbele ya mlango uliofungwa, wasikilizaji wapendwa, alikata utepe, na waliokuja kwenye magari yake wakapiga makofi. Kisha wakapakia viti vyao.

Tunampa pole binti wa Mama Funguo. Tunampa pole wifi yake, ambaye ametwambia, "Kunificha siri nilimsamehe siku ileile, maana kweli ningesema." Pole kwa kinyozi, mshona viatu, mwuza mkaa, mfua nguo, na nyumba zote sabini.

Nanyi mnaotusikiliza, fikirini jambo moja. Watakuja kwenu pia, kama hawajafika. Watakuja na mkasi. Msiwatukane, mtachoka bure. Waulizeni tu swali la yule binti. Ndani ya mlango ni wangapi?

Binti sasa amevaa aproni. Kibanda kimefunguliwa, watu wamezirudisha funguo zao, na desturi ni ileile, wa akiba unabaki ukutani. Alasiri ile ya uzinduzi, magari yalipokwisha kuondoka, majirani walimwona akitembea peke yake mbele ya kituo, ameinama, anaokota vipande vya utepe. Mfua nguo ni mjamzito. Fundo la tano linahitaji utepe mrefu.