Kama Mnavyojua Anashuka Jukwaani

Ijumaa hii mchana, Mkuu wa Kitengo cha Mafunzo wa mamlaka yetu ya maji anastaafu rasmi baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Katika miaka hiyo hakuna mfanyakazi ambaye hakupitia semina yake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuiomba. Kamati ya sherehe imemtengea dakika kumi za kuaga. Yeye ameomba saa nzima, na tayari ameleta hotuba iliyochapwa, nene kuliko ripoti ya mwaka. Habari hiyo ilipofika karakana, mafundi wote walikumbuka ghafla kwamba siku ya Ijumaa wana mabomba yaliyopasuka. Kwa hiyo wasifu huu una kazi mbili: kumpongeza mzee wetu, na kutafuta kama kuna mtu atakayebaki ukumbini amsikilize.

Humu kazini hakuna anayemwita kwa cheo. Anaitwa Kama Mnavyojua, kwa sababu ndivyo anavyoanza kila sentensi, na kinachofuata huwa ni jambo ambalo hakuna aliyelijua wala kulihitaji. Alifika akiwa kijana mwembamba mwenye suti ya kahawia, fimbo ya kuonyeshea ubaoni na hotuba moja. Suti ilimbana akaiacha. Fimbo ilivunjika. Hotuba tunayo mpaka leo. Ni kama lile koti la mvua linaloning'inia nyuma ya mlango wa stoo: kila mtu huvalishwa, na halimtoshi yeyote.

Wasoma mita hawajaisahau semina yao. Mbwa wa wateja walikuwa wamewatesa mwaka mzima, nao wakaomba kufundishwa wafanyeje geti likifunguka na mbwa akatangulia kutoka kabla ya mwenye nyumba. Wakaletewa Kama Mnavyojua. Aliwaeleza dira na dhamira ya taasisi, akachora mishale ya kutoka kwenye dira kwenda kwenye dhamira, na mingine ya kurudi. Msoma mita mmoja alikuwa amekaa mbele kabisa, mguu wenye bandeji ameunyoosha juu ya kiti cha jirani makusudi, auone kila mtu. Kila mtu aliuona isipokuwa mtoa mada. Baada ya semina hiyo, mbwa waliendelea na msimamo wao wa awali.

Watoto wa shule walipokuja kutembelea matangi, aliwafungulia mazungumzo kwa asilimia za maji yanayopotea kabla ya kumfikia mlipaji. Mtoto mmoja akaomba kwenda chooni. Akafuata wa pili, na wa tatu, mpaka mwalimu akatoka kuwatafuta, na mwalimu naye hakurudi. Hotuba iliendelea, ikafika mwisho wake salama.

Lakini ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Mkurugenzi aliwahi kumwagiza aandike hotuba mbili mpya za siku moja: asubuhi kwa waajiriwa wapya, mchana kwa wanaokaribia kustaafu. Akachanganya bahasha. Vijana ambao hawakuwa wamepokea hata mshahara wa kwanza wakaonywa juu ya magoti, presha na ndugu watakaonyemelea kiinua mgongo. Mchana wazee wakaahidiwa kwamba wakijituma, baada ya miaka kumi wataongoza idara. Msimamizi wa pampu, aliyebakiza wiki chache tu aondoke, alisimama akashukuru sana, akauliza barua yake ya kupanda cheo ataichukulia ofisi gani. Tulipomuuliza mzee wetu kwa nini hakuacha, alijibu kwamba kosa aliligundua mapema, ila alikuwa ameshafika ukurasa wa pili.

Mwenyewe husema tatizo ni sisi. Kutufundisha, kwa maneno yake, ni kumpigia mbuzi gitaa. Haya, tumekubali kuwa mbuzi. Lakini mbuzi akiinamisha kichwa anatafuta majani, na mpiga gitaa mwenye macho angeliona hilo kabla ya wimbo wa pili. Mtu anayepewa ukumbi uliojaa watu, asijiulize hawa ni kina nani, wametoka kufanya nini asubuhi hii na wanataka kuondoka na nini, huyo haongei na watu. Anajisomea kwa sauti, na wenzake wamewekwa pale kama viti.

Mafanikio yake hatuyafichi. Vyeti vya ushiriki alivyotugawia havihesabiki. Fundi bomba mmoja amebandika chake dirishani palipovunjika kioo, na kweli kinazuia upepo. Mzee wetu hakuwahi kukosa siku. Umeme ukikatika, alimulika karatasi kwa tochi akaendelea. Kwenye kituo cha pampu cha kule mlimani aliwahutubia watu wanne mpaka mwisho bila kupunguza neno, na watu wenyewe walikuwa wapita njia waliojibanza kukwepa mvua. Na sisi kila mara tulipiga makofi. Tulikuwa tunashangilia kwamba imekwisha, naye akayapokea kama pongezi, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumweleza.

Tungeishia hapo, na Ijumaa ukumbi ungekuwa mtupu, kama si mke wake kuja ofisini wiki iliyopita kuulizia mipango ya sherehe. Ni mkunga mstaafu, mama asiye na haraka. Alitukuta tunamcheka mumewe, wala hakukasirika. Alivuta kiti, akakaa, akasema, “Wanangu, nyinyi mmemvumilia kazini tu. Mimi ndiyo naletewa nyumbani. Hadhira ni mimi peke yangu, na sina hata pa kutorokea.”

Kisha akatueleza tusilolijua. Ile miwani ambayo mumewe huivaa jukwaani ni ya kusomea tu. Akiivaa, karatasi anaiona vizuri, lakini chochote kilicho mbele ya karatasi kinageuka ukungu. Hotuba zake zote huzifanyia mazoezi nyumbani. Mama akitoka katikati kwenda kuepua sufuria, akirudi anamkuta bado anakisomea kiti. Daktari wa macho alishamwandikia miwani ya kuonea karibu na mbali. Hakwenda kuichukua, maana karatasi alikuwa anaiona.

Kicheko kilitukauka. Tulimwonea huruma, na hasira zikatupanda zaidi. Miaka yote ile ya bandeji, miayo na viti vitupu, mzee alihitaji tu kushusha miwani puani mara moja atuangalie. Mama naye alikuwa na ombi lake. Alisema, “Kabla hajaja kukaa na mimi moja kwa moja, nataka nimwone anaongea huku ananiangalia. Hata mara moja tu.”

Basi tumepanga hivi. Mafundi wamekubali kuja, kwa sharti kwamba karatasi ikitolewa tu, wanarudi kwenye mabomba yao. Hotuba imefungiwa kabatini kwa karani. Siku hiyo miwani itakuwa kwenye mkoba wa mama. Na kwa kuwa bila miwani mzee wetu hawezi kusoma hata wasifu wake, tutamkalisha kando ya yule msoma mita, ambaye mguu wake ulishapona na ambaye kusoma ndiyo kazi yake. Tunamwomba amsomee haya yanayofuata, polepole na kwa sauti.

Mzee wetu, usipapase mifuko. Inua uso. Huyo wa safu ya mbele mwenye gauni la kijani ni mkeo. Nyuma yake ni watu wa pampu. Wametoka zamu ya usiku na hawajalala bado, kwa hiyo chochote utakachosema kiwe kifupi. Kushoto ni wale uliowaonya juu ya magoti wakiwa vijana, na sasa yanawauma kweli. Mafundi wamesimama karibu na mlango, na ukitoa karatasi tu wanarudi kwenye mabomba yao. Tunachotaka kusikia hakimo kwenye zile kurasa: Jumatatu asubuhi, sisi tukiingia getini bila wewe, utakuwa unafanya nini? Usianze na kama mnavyojua, maana hilo hatulijui, na huenda hata wewe hulijui. Tuambie hivyo hivyo. Tunakushukuru kwa miaka yote, hata ile iliyotuchosha. Ukae nyumbani kwa afya na amani, na anayekusikiliza huko usimpoteze machoni. Chai tumeisubirisha. Mwangalie mkeo kwanza, kisha uanze.