Mama Aliyebeba Kinga Kichwani

Kijiwe chetu cha mji wa Baraka kiko mbele ya atelier ya Albert, fundi wa kinga, maana huku baiskeli tunaiita kinga. Marthe anauza kahawa, siye tunakalia ubao na kubishana. Jana saa kumi alifika mama mumoja, Florentine, amelowa mpaka nywele, anasukuma kinga yake. Alitoka Bukavu, siku ya nne hiyo, anaenda Kalemie kwa binti yake aliyezaa mapacha na hana wa kumusaidia. Alimuachia Albert gurudumu lililopinda, akaegemea ukuta, usingizi ukamubeba. Tukashusha sauti.

Lionel, dereva wa moto, yaani pikipiki, alikuwa amemuona njiani.

— Asubuhi pale Mboko, mvua inanyesha. Matope inakamata gurudumu, anashuka, anaitoa na kijiti, anapanda tena. Nikamuambia, Mama, panda moto, kinga tutaifunga nyuma. Akasema, asante mwanangu, nilianza nayo, nitamaliza nayo.

— Na ule muto, ukipita Swima? akauliza Alphonse, muvuvi tunayemuita Nahodha. Daraja si ilibebwa na maji?

— Mi na moto tulibaki tunangojea mutumbwi. Yeye akaweka kinga kichwani, akaingia. Maji mpaka hapa.

Lionel akagusa kifua chake.

— Katikati akateleza. Yeye alizama mpaka shingo, muto haukugusa kinga. Akatoka ng’ambo, akapanda, akaendelea.

— Huyo alikuwa mwanajeshi, akasema Nahodha.

— Mwanajeshi wapi? Albert akainua gurudumu, akaonyesha vijiti vyake vya chuma. Rayon sita zimekatika, amezifunga na waya mwenyewe. Huyu ni fundi. Mi singefika hata Mboko.

— Basi huyu ana damu ya jini, bibi yake alikuwa anatembea chini ya ziwa. Mi najua maji, na ule muto ukijaa, muntu wa kawaida hapiti.

— We Nahodha, akasema Marthe, huyu mama iko na binti anayemulilia kule Kalemie. Haitoshi kumuvusha?

Nahodha akakuna kidevu.

— Inatosha, akasema polepole.

Arlette, mwalimu, akatokea anarudi kutoka école. Akamuona mama analala, akauliza ni nani. Tukamueleza yote, matope, muto, rayon, kila mumoja anamukata mwenzake maneno. Akasikiliza mpaka mwisho.

— Na amekula?

Lionel akamuangalia Albert. Albert akaangalia gurudumu.

Marthe akaondoa birika ya kahawa juu ya makaa, akaweka sufuria ya ugali.