Muuguzi Aliyeitwa Niponye

Ndugu waombolezaji, dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akahitimu uuguzi mwaka 1972, akapangiwa wodi ya majeruhi, na mwaka 1975 akafunga ndoa na dereva wa gari la wagonjwa, ambaye mpaka anatangulia alishikilia kwamba yeye ndiye aliyeposwa, wakajaliwa binti mmoja.

Tarehe 14 Agosti 1983 ghala la magunia liliungua, gazeti likatoa ile picha mnayoijua, moshi nyuma, umati katikati, na pembeni kushoto, mkubwa kuliko wote, marehemu akiupa moto kisogo, mdomo wazi, basi watu wakasema muuguzi katoka mguu niponye kaacha majeruhi, na jina la Niponye likamganda, sokoni, wodini, hadi kwenye harusi ya binti yake, naye akisema alikuwa amebeba machela, anaulizwa, haya mama, iko wapi, na jamani, ilimuuma.

Binti alikuja kuwa mwalimu wa upigaji picha, na mwaka 2009 akamkalisha mama yake mbele ya picha ile, akamwambia, mama, achana na uso wako, kila mtu anaanzia hapo kwa sababu ndipo penye mwanga, tazama mabega yalivyovutwa chini, mikono imekatwa na ukingo wa chini wa picha kwenye viwiko, halafu tazama macho ya umati, hakuna anayeangalia moto, wote wanaangalia chini, nyuma yako, pale gazeti lilipokata, wakamfuata mpiga picha, mzee mstaafu, akawatolea picha nzima, na machela hiyo hapo, kaishika peke yake upande wa mbele, mwisho wa nyuma ukiburuta chini, na mtu juu yake, marehemu akacheka mpaka akaomba kiti, na tangu siku hiyo alilala usingizi wa mtoto.

Alianza kuugua moyo Januari 2021, akafariki tarehe 3 Juni 2022 asubuhi, kwa utulivu, picha nzima ikiwa ukutani, na familia inawashukuru madaktari, majirani waliopokezana kumpikia uji, na wauguzi wenzake, ambao wengine walimwomba radhi mapema, wengine wamefanya hivyo leo.

Aliyekuwa juu ya machela alikuwa mpagazi wa ghala, aliyezinduka hospitali asijue nani kamtoa motoni, mpaka alipoonyeshwa picha nzima akaitambua sura yake mwenyewe, na ndiye ambaye familia imemkabidhi kuwasomea historia hii. Dada, nimefika salama. Itue machela, upumzike.