Bi Ardis Kvamme, Aliyewatafuta Akina Haugland kwa Majirani

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha kumbukumbu cha wilaya yetu hapa Minnesota, Bi Ardis Kvamme anastaafu tarehe 30 Juni. Alianza kama mpiga chapa, akaishia kuwa msimamizi, na katikati hapo amewatimua wengi walioingia na kahawa mkononi. Mimi nimo.

Kazi aliyoipenda ni kufuatilia familia za wakulima katika sensa za zamani. Nitasimulia moja tu, maana zote hazimaliziki.

Mzee Lowell Haugland alikuja akiwa anauza shamba la ukoo. Nyuma ya ghala palikuwa na kaburi la mtoto, jiwe lisilo na jina, na mnunuzi angelima mpaka hapo. "Mchungaji amekubali tumhamishie kanisani," alisema. "Lakini huyu ni damu ya baba yangu. Nimzike upya bila hata jina?"

Sensa ya 1900 ilisema bibi yake, Marit, amezaa watoto sita, walio hai watano. Aliyekufa hakutajwa. Sensa ya jimbo ya 1895 ingemtaja kama wakati huo alikuwa hai, ila humo hapakuwa na Haugland hata mmoja. Sisi wengine tulinyoosha mikono. Mzee akaanza kuvaa koti.

"Kaa kwanza, Mzee Lowell," Ardis akamwambia. "Tuwaulize majirani."

Akaliacha jina, akafuata barabara nyumba kwa nyumba, kama karani wa sensa alivyopita. Kati ya akina Solem na akina Ruud, majirani wale wale wa 1900, akawakuta babu na bibi yake Lowell, Nils na Marit, wameandikwa "Bratlie". Wazee wetu wa Kinorwei walimwita mtu kwa shamba analokaa, na wakati ule shamba lilikuwa la Bratlie, Nils mpangaji tu. Karani, Mnorwei mwenzao, hakuona la kuuliza.

Wa mwisho kwenye orodha ya watoto wao alikuwa Gunhild, wa mwaka mmoja, ambaye hayumo katika sensa ya 1900.

"Kumbe ni shangazi," Mzee Lowell alisema, akalia bila kujificha.

Siku ya maziko Ardis alisimama nyuma na wageni. Mzee akamfuata, akamshika mkono, akamweka mstari wa ndugu.

Asante, Bi Ardis. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na miaka mingi ya raha. Popote utakaposimama, sisi ni ndugu zako.