Shefu Kolea na Neno Lililobaki

Marehemu kaka yetu, mliyemjua kwa jina la Shefu Kolea, alizaliwa tarehe 9 Machi 1964 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa kifungua mimba wa fundi vyuma na mshona nguo.

Mwaka 1979 alijiunga na sekondari ya bweni. Huko adhabu ya watundu ilikuwa kusaidia jikoni. Siku alizoadhibiwa yeye maharage yalilika, hata wenzake wakawa wanamsingizia makosa. Mwalimu wa zamu aligundua mchezo huo, lakini kwa kuwa naye alikula hapo hapo, alinyamaza.

Mwaka 1984 aliajiriwa hotelini kuosha masufuria, akapanda hadi kuwa mpishi mkuu. Tarehe 1 Juni 1991 alifunga ndoa na shemeji yetu, mhudumu wa meza wa hoteli hiyo hiyo. Baadaye walifungua mkahawa wao: yeye akipika, mkewe akionja. Kisha ikaja televisheni, akapewa kipindi chake cha mapishi. Watoto mitaani wakaiga swali lake, "Imekolea?", na jikoni kwake jibu likawa moja tu, kwamba imekolea. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sahani zilirushwa, wapishi wakafukuzwa, magazeti yakapata la kuandika.

Mwaka 2015 maradhi ya mishipa ya fahamu yalimwanza, na ulimi wake ukapoteza ladha. Hakumwambia mtu, maana mpishi asiyeonja ni mpishi gani? Siku moja, kamera zikiwaka, alimpa mkewe supu na kumwuliza kama imekolea.

"Chumvi imezidi, baba," shemeji alimjibu taratibu. "Hainyweki."

Kaka alimwita mwongo mbele ya watazamaji wote na kumfukuza jikoni. Shemeji alirudi kwa mama yake. Wapishi waliobaki waliendelea kusema imekolea, huku wateja wakisukuma sahani pembeni. Maji yalizidi unga, na mwaka haukuisha kabla mkahawa haujafungwa. Inauma kuyasema haya kaburini, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Alipolazwa Februari 2026, shemeji ndiye aliyemwuguza. Alimwosha, akamlisha, akamgeuza kitandani. Alimwomba kitu kimoja tu: aseme mbele za watu kwamba mkewe hakuwa mwongo. Kaka alikubali, akaagiza wapishi wake wa zamani waje wodini siku ya Jumapili.

"Usinisemee," alimwambia mdogo wake. "Nitasema mwenyewe."

Alifariki Jumamosi alfajiri, tarehe 18 Aprili.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja, na mdogo wake anayesoma maneno haya. Wapishi wake wamekuja, wamekaa safu ya tatu. Basi walichoitiwa wodini wakisikie hapa: chumvi ilikuwa imezidi. Shemeji, ulisema kweli.

Lala salama, kaka. Limeshasemwa.