Zamu ya Kumwangalia Mjane

Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, ubavuni mwa kibanda cha kunyolea, na bado lina tundu la kitasa ambalo ukikaa vibaya linakufinya. Wa kwanza kulia hukaa Kinyozi, anayeacha kibanda chake wazi ili mteja akija amwone, kisha anakipa mgongo ili yeye asimwone mteja. Anafuata Karani, aliyestaafu masjala miaka sita iliyopita lakini mpaka leo anatembea na kalamu mbili mfukoni, nyekundu na ya bluu, kana kwamba kuna faili linaloweza kumvamia njiani. Kisha Fundi Kochi, mshonaji wa makochi, mikono inanuka gundi. Mwishoni, juu ya tundu la kitasa, hukaa Digrii: shahada ya lugha, alama za juu, miaka minne bila kazi, na ulimi uliozidi kuwa mkali kwa kukosa kitu kingine cha kukata. Mbele yao, nyuma ya jiko la mkaa, kuna Mzee wa Birika, ambaye haongei. Anamimina.

Asubuhi hiyo Digrii alifika na bahasha ya kaki chini ya kwapa na penseli sikioni. Dada yake, anayemlisha, anashona vitabu kwenye kiwanda cha uchapaji, na kwa wiki tatu nzima alikuwa akimbembeleza msimamizi wake ampe mdogo wake kazi ya kusoma kurasa kabla hazijachapwa na kuwinda makosa. Msimamizi alikubali kumjaribu. Ndani ya bahasha mlikuwa na kurasa thelathini na mbili za kitabu cha ufugaji wa nyuki. Dada aliiacha mezani na kikaratasi: "Msimamizi atapita mwenyewe saa sita kuzichukua. Nimemwambia huna shida yoyote isipokuwa televisheni. Usiniaibishe."

Digrii alijijua. Sebule yao ni ndogo, ukikaa kochini magoti yanakaribia kugusa kioo cha televisheni. Kubaki ndani na televisheni ile mpaka saa sita ilikuwa sawa na kumfungia mlevi kwenye ghala la pombe umwambie ahesabu chupa. Akabeba bahasha, akaja kijiweni. Ilikuwa saa tatu na nusu.

— Leo siongei, alisema akikaa. Nina kurasa thelathini na mbili na saa mbili na nusu. Mimi nihesabuni kama tofali.

— Tofali halina zamu, alisema Kinyozi. Wewe unayo kesho. Leo tunapokea ripoti.

— Pokeeni. Mimi nipo na nyuki.

Ripoti ilikuwa na historia yake. Majuma mawili nyuma, wote wanne walikuwa wameapa kuacha televisheni, kila mmoja kwa aibu yake. Kinyozi alimnyoa mteja unyusi mmoja huku macho yakiwa kwenye kioo cha televisheni. Mke wa Fundi Kochi alihamishia godoro jikoni. Karani alianza kuwajibu wasomaji wa taarifa ya habari kwa heshima zote, mpaka wajukuu wakaacha kumtembelea. Lakini kulikuwa na ile tamthilia ya mjane tajiri, na kuiacha katikati hakuna aliyeweza. Ndipo Digrii, kwa nguvu zote za elimu yake, akageuza nakala ya wasifu wake wa kuombea kazi na kuandika mpango nyuma yake. Kwa nini watu wanne waangalie kitu kilekile, saa ileile, katika nyumba nne? Huo ni ufujaji wa rasilimali watu. Kila jioni ataangalia mmoja tu, kwa niaba ya wote, na asubuhi ataleta ripoti. Wengine walale mapema.

Walimpigia makofi. Tamthilia ni ya dakika arobaini na tano. Ripoti, pamoja na maswali, huisha adhuhuri.

Karani alisimama, akakunjua karatasi.

— Saa tatu na dakika moja, mjane aliingia chumbani. Saa tatu na dakika nne, alikaa kitandani. Saa tatu na dakika tisa, alivuta droo ya kabati. Saa nne kasorobo, kipindi kikaisha. Naomba kuwasilisha.

Fundi Kochi aliweka kikombe chini.

— Ndani ya droo mlikuwa na nini?

— Hapo kuna pengo.

— Pengo gani?

— Pengo la kiutawala.

— Ulilala, alisema Kinyozi.

— Sikulala. Nilifumba macho nikitafakari kitendo cha kuvuta droo.

— Ukatafakari mpaka saa ngapi?

— Mpaka utabiri wa hali ya hewa ya kesho yake.

Digrii alikuwa ukurasa wa tatu. Aliona mstari umechapwa mara mbili, akauzungushia penseli, akajisikia mtu. Akafungua ukurasa wa nne.

— Haina shida, alisema Kinyozi. Hilo pengo tutaliziba wenyewe. Mle ndani mna wasia. Mjane akivuta droo ni wasia, sitaki hata ubishi.

— Wasia atauweka kwenye droo ya chumbani? Mtu mwenye hoteli tatu? Fundi Kochi alitikisa kichwa. Mle mna ufunguo. Na ufunguo ni wa chumba alimo mumewe.

— Mumewe amezikwa.

— Limezikwa sanduku. Wewe huangalii makochi. Siku ile ya matanga, lile kochi lao la viti vitatu lilikuwa limebonyea upande wa kushoto. Mjane hukaa kulia siku zote. Sponji ikikaliwa mpaka ikafika pale, haibonyei kwa mzimu. Kuna mwanaume wa kilo tisini anakaa kwenye kile kiti, na anakaa mpaka leo.

Hata Mzee wa Birika alisita kumimina.

— Hakuna ufunguo, alisema Karani, akiwa bado amesimama. Nimefanya kazi na droo miaka thelathini na moja. Droo ni faili. Na faili likifichwa chumbani maana yake limeibwa masjala. Yule mjane si mjane. Ni mtumishi wa serikali yuko kazini.

— Kwa kanzu ya hariri ile?

— Posho.

Digrii aliuma penseli. Alisoma sentensi moja ya nyuki mara tatu, na mara zote tatu malkia wa mzinga alikuwa amevaa kanzu ya hariri. Akajiambia, usiwajibu. Akajiambia tena. Lakini kuna mambo mtu aliyesoma hawezi kuyavumilia, na moja ni kusikia hoja mbovu ikisifiwa.

— Samahanini, alisema. Nitasema neno moja tu, halafu nanyamaza kabisa, fulstopu. Nyie mnaiangalia ile kitu kama watu wanaoangalia mvua. Hamna lojiki. Hamjajiuliza kwa nini kila akiingia chumbani saa ya ukutani inaonyesha saa nane?

— Imekufa betri, alisema Kinyozi.

— Ni tekniki, kaka. Saa imesimama kwa sababu wakati umesimama. Aliyekufa si mume. Aliyekufa ni mjane. Tangu kipindi cha kwanza tunaangalia ndoto ya mumewe, ndani ya ndoto ya mtoto wao, na ile droo ni tupu, kwa sababu mtoto hajawahi kufika urefu wa kuifungua.

Kinyozi alimsogezea kikombe.

— Ndiyo maana hawakuajiri, alisema Kinyozi kwa upole.

— Nithibitishe?

— Thibitisha.

Akaugeuza ukurasa wa nne, nyuma ulikuwa mweupe, akachora ramani ya nyumba ya mjane: sebule, ngazi, chumba, kabati, dirisha. Fundi Kochi akamnyang'anya penseli kuonyesha lilipo kochi. Ukurasa haukutosha ghorofa mbili, wakachukua wa tano. Karani akatoa kalamu nyekundu, akaandika "njia ya mtu wa kilo 90" na mshale, kisha kwa mazoea akatia saini na tarehe. Ukurasa wa sita ukachukuliwa na bustani. Digrii aliona wino mwekundu ukipenya upande wa pili, kwenye magonjwa ya nyuki, akasema atapiga kifutio baadaye. Bahasha, pamoja na kurasa zilizobaki, aliikalia ili upepo usizichukue. Isitoshe, iliziba tundu la kitasa.

— Tatizo siyo droo, alisema Kinyozi baada ya kikombe cha tatu. Tatizo ni mfumo. Tumemtuma mtu, mtu amelala. Tunahitaji mtu wa pili, akae naye, amwangalie asilale.

— Kwa hiyo waangalie wawili?

— Mmoja anaangalia televisheni. Mmoja anaangalia anayeangalia.

— Na huyo wa pili akisinzia? aliuliza Fundi Kochi.

— Masjala tulikuwa na mkaguzi, alisema Karani. Anapita ghafla.

— Akipita ghafla lazima ajue kipindi kimefika wapi, alisema Digrii. Vinginevyo atakagua nini? Lazima awe ameangalia tangu mwanzo.

— Hao ni watatu.

— Na wa nne awe akiba, alisema Kinyozi. Umeme ukikatika kwa hao watatu.

Fundi Kochi alihesabu kwa vidole vyake vyenye gundi.

— Basi tutakuwa tunaangalia wote wanne.

— Ndiyo, alisema Digrii, lakini kiuwakilishi.

Walikubaliana kwamba hiyo ni tofauti kubwa sana. Kinyozi alikuwa anapendekeza wakutanie kwake, maana kioo cha televisheni yake ni kipana, waokoe na umeme, wakati mwanamke mmoja alipokuja akasimama mbele ya jiko. Mfupi, wa makamo, viatu vya kutembea, mkoba mkubwa begani, vidole vina wino mweusi kwenye kingo za kucha. Aliomba kahawa. Mzee wa Birika akatikisa birika, akainamisha, likatoa nusu kikombe cha machicha.

— Karibu mama, alisema Kinyozi. Wewe mtu mzima, tuamulie. Mjane akivuta droo usiku, anatafuta nini?

— Miwani, alisema mwanamke. Nimemkosa kijana mmoja nyumbani kwao. Nimegonga mpaka jirani akatoka. Mdogo wake dada mmoja wa chumba cha kushonea vitabu.

Digrii alisimama. Hakujua kwamba jua limehama. Kivuli cha kibanda, kilichokuwa magotini mwao asubuhi, kilikuwa kimejikunyata chini ya benchi.

— Ni mimi, mama. Shikamoo.

— Marahaba. Nimekuja kuchukua kazi yangu.

Digrii aliiokota bahasha kwenye benchi. Ilikuwa ya moto, na katikati ilikuwa imebonyea duara. Mwanamke aliipokea, akakusanya na kurasa zilizokuwa nje juu ya benchi. Alizitoa kurasa, akazipitia kwa kidole gumba, haraka, kama mtu anayehesabu bila kuhesabu. Ukurasa wa kwanza, alama mbili. Wa pili, moja. Akaufikia mstari uliorudiwa, akasimama.

— Huu uliuona.

— Niliuona, mama.

— Watu wawili kabla yako hawakuuona.

Fundi Kochi alimpiga Digrii kiwiko cha pongezi. Mwanamke aligeuza ukurasa wa nne. Akaugeuza nyuma. Akaugeuza na wa tano, akaulaza, akausimamisha, akasoma mshale kwa sauti ndogo. Saini ya Karani akaitazama kwa muda. Karani akaangalia barabarani.

Kutoka wa saba kwenda mbele, kurasa zilikuwa safi kama zilivyotoka mashineni.

— Dada yako ni mfanyakazi wangu mzuri kuliko wote, alisema mwanamke. Hajawahi kuniomba hata ruhusa ya kuugua. Aliniambia, mdogo wangu ana akili, shida yake ni televisheni tu, akiwa mbali nayo anafanya kazi kama mashine.

Alitazama benchi kutoka mwisho mpaka mwisho. Akatazama ukuta, jiko, birika, miguu ya watu wazima watatu iliyonyooshwa.

— Iko wapi?

Hakuwa anawasimanga. Aliuliza kama mtu aliyepoteza kitu akaambiwa kiko hapa. Kinyozi aligeuka kutazama kibanda chake. Fundi Kochi alianza kujikwangua gundi kwenye kidole gumba. Karani alichomoa kalamu ya bluu, akairudisha. Digrii alinyoosha mkono kuiomba bahasha.

— Nipe saa moja, mama, alisema hatimaye. Nazimaliza zote, na hizo tatu nazinakili upya kwa mkono. Saa moja tu. Mimi ninaweza, umeona mwenyewe.

— Nimeona.

Mwanamke alitazama saa yake, kisha akatazama zile alama za penseli kwenye ukurasa wa tatu, na alionekana kama mtu anayetaka kukubali. Akamnyooshea bahasha, lakini hakuiachia.

— Utazimalizia wapi?

Digrii aligeuka kuelekea nyumbani, kwenye ile sebule ndogo. Kisha akageuka nyuma. Wenzake, kwa huruma ya kweli, walikuwa wamekwishamsogezea nafasi.